Hukumu ya Nyumba Haijalala

Gemu ya magari Kisogo aliizika kwa mistari miwili, na mistari hiyo ilisomwa na watu wengi kuliko walioinunua gemu yenyewe:

Picha zang'aa vizuri, lakini gari ni jiwe;
Konani lina kiburi, kama punda na mwenyewe.

Ya mpira aliipa alama tatu kwa kumi. Alisema mtangazaji wake ni debe tupu, ana sentensi chache na zote huzimaliza kabla mpira haujatoka nje mara ya kwanza. Ya kilimo, iliyochekwa na wachambuzi wote wakubwa, yeye aliisifu. Alisema jembe likigonga udongo mkavu lina sauti yake, likigonga udongo uliolowa lina sauti nyingine, na mtu aliyejisumbua kutofautisha udongo hawezi kuwa mvivu. Kisha akaongeza kwamba hadithi yake ni ya kulalia, na kwamba ng'ombe waliomo wana akili kuliko mwenye shamba.

Watu walimwita Kisogo kwa sababu ndicho walichokiona. Katika kila video ya chaneli yao, dada yake anaonekana uso mzima, pedi ya kuchezea mkononi, macho kwenye runinga. Kando yake, kwenye kiti kilichogeuzwa, kinaonekana kisogo cha kijana aliyeipa runinga mgongo. Amefumba macho, anasikiliza. Haangalii kioo mpaka hukumu itoke.

"Macho ni hakimu wa kuhongwa," aliwaambia waliomcheka. "Yape rangi kidogo na jua juu ya maji, yameshasaini. Sikio ulipe nini?"

Hakufundishwa na mtu. Alijikalisha mwenyewe, akajifunza kusikia nyayo zilizotengenezwa kwa haraka na mvua iliyorudiwa ileile kutwa nzima. Kwa hilo alikuwa na kiburi, na hakukificha. Dada yake, ambaye watazamaji walimpa jina la Vidole, alihukumu kwa mikono: kama pedi inatii, kama mlango unafunguka unapotaka ufunguke. Wakigombana, na waligombana kila mara, walirekodi ugomvi huo na kuutoa kama ulivyo.

"Akupaye kisogo si mwenzio, ndivyo walivyosema wahenga," mama yao alipenda kusema. "Mimi nimezaa mtoto anayekula kwa kisogo."

Mama ndiye aliyekuwa kazi yao nyingine, na ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Alikuwa ametoka hospitali na mapafu yaliyochoka, makohozi yanajaa ndani kama maji ya kisima, na hakuwa na nguvu ya kujiinua kitandani. Muuguzi aliyekuja asubuhi kumsafisha na kumgongagonga mgongo aliwasimamisha watoto wote wawili mlangoni kabla ya kuondoka.

"Kikohozi chake msikichukie," aliwaambia. "Kikohozi ni mlinzi wenu. Akikohoa, njia ya hewa iko wazi. Lakini akinyamaza, msikae mkasema amelala. Ingieni. Mwinueni, mumkalishe, mumgonge mgongo kama nilivyowaonyesha, kisha nipigieni. Mnanielewa? Kimya ndicho cha kuogopa."

"Huyu mdogo wangu ana masikio ya popo," dada alisema.

"Basi ayatumie."

Kisogo aliona ameambiwa kitu anachokijua. Tangu siku ile alifanya kazi sikio moja likiwa kwenye gemu, lingine chumbani kwa mama, na hakuna kikohozi kilichompita. Alijua kikavu na alijua kilicholeta kitu. Alijua hata kile ambacho mama alikikohoa makusudi ili wamletee chai.

Kisha ikaja Nyumba Haijalala.

Kijana wa kampuni alipiga simu mwenyewe. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka vizuri.

"Tunawaletea ninyi wachambuzi kabla haijaingia sokoni," alisema. "Hasa kwa ajili ya Kisogo. Humu ndani kuna mshangao mmoja, siusemi, mtaugundua wenyewe. Ila msitoe hukumu kabla ya jioni, saa kumi na mbili. Ikifika hapo, mlango uko wazi kwa wote."

Maana yake ilikuwa kwamba wachambuzi wote wangekimbia pamoja, na wa kwanza kufika ndiye angesikilizwa. Adhuhuri ilikuwa imekwisha walipoiwasha. Dada alifunga pazia ili mwanga usipige kioo. Spika moja ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa mbao uliotenga chumba cha mama, nyingine ilikuwa chini ya dirisha.

"Inaomba ruhusa ya maiki," dada alisema. "Inasema yule jamaa anasikia chumba chetu. Tukipiga kelele hapa, anatufuata kule."

"Mpe."

Akampa.

Gemu ilikuwa hivi: umefungiwa katika nyumba kubwa yenye vyumba vingi, unatafuta njia ya kutoka. Humo mna kiumbe wanayemwita Mwenyeji. Hana macho, huwinda kwa kusikia. Ukikanyaga ubao unaolia, anakuja. Ukipiga chafya kwenye kiti chako cha kweli, anakuja vilevile.

"Anafananaje?" Kisogo aliuliza, mgongo kwa runinga.

"Kama wewe ukiamka."

"Nyamaza, atasikia."

Alisikiliza. Maji yalidondoka mahali fulani, si tone moja lililorudiwa, bali matone ya bomba bovu kwelikweli, kila moja na uvivu wake. Juu palikuwa na mbao, na juu ya mbao palikuwa na mtu. Hatua zake zilikuwa nzito upande mmoja. Kisogo alihisi nywele za mikono zikisimama, na alifurahi kama mtu aliyepata adui wa kiwango chake.

Ndipo mama akakohoa chumbani. Ndani ya gemu zile hatua zilizokuwa zikienda mbali zilisimama. Zikageuka.

"Mama!" dada alipiga yowe. "Umeniuza!"

"Nimekuuza kwa nani?" mama aliuliza kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Kuna mtu anakuja kwa sababu umekohoa!"

"Kama ni mchumba mkaribishe. Umri umekwenda."

Kisogo alicheka mpaka akakaribia kuharibu rekodi. Mwenyeji aliwashika, na dada akalazimika kuanza upya toka ghorofa ya chini.

"Fungeni huo mlango," mama alisema baadaye, pumzi ikiwa juu. "Mayowe yenu yananichosha."

Kisogo aliinuka. Alimpandisha mama juu ya mito, akampa maji, akamfuta mdomo.

"Ukitaka kitu niite."

"Nikuite, kwani unasafiri? Nenda kampe huyo jini wenu kisogo."

Akaufunga mlango. Ukuta ulikuwa mbao tu. Kwa masikio yake, ukuta ule haukuwa kitu.

Waliendelea. Dada alianza kulalamika mapema, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Mwili wa mchezaji ulikwama milangoni kama mbuzi kwenye uzio. Ramani ilidanganya. Ukificha kichwa chini ya meza, miguu inabaki nje, na gemu inakuhesabu kuwa umejificha.

"Mikono yangu inasema nne," alisema. "Na hiyo ni kwa huruma."

"Masikio yangu yanasema tisa. Cheza."

"Unanicheka?"

"Dada, sikia nyumba hii. Mwanzoni ilikuwa tupu, sasa inaanza kukaliwa. Umesikia kijiko kwenye kikombe?"

"Nilisikia."

"Na kiti kimeburutwa juu. Huyu fundi wa sauti ameishi kwenye nyumba ya watu. Wengine wote wanaishi studio."

Mama alikohoa, kikohozi kilicholeta kitu. Kisogo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Baadaye kidogo mama akaita, na Kisogo akaitika kwa sauti, "Naam mama, nakuja!" Alienda na kurudi. Mama alitaka mto ugeuzwe tu.

Alasiri ilisogea. Joto lilijaa chumbani, pazia likiwa limefungwa, na jasho lilimshuka dada shingoni. Kila walipokwenda mbali zaidi ndani ya ile nyumba, ndivyo ilivyokuwa hai zaidi, na ndivyo Kisogo alivyoacha kuzungumza. Ndara ziliburutwa kwenye korido. Mtu alikohoa. Bomba lilifunguliwa, likafungwa. Hizi hazikuwa kelele za kutisha watoto. Zilikuwa sauti za mtu anayejifanyia mambo yake katika chumba cha pili, hajui kama uko. Hapo ndipo palipotisha.

"Mama anaendeleaje?" dada aliuliza bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Anakohoa. Husikii?"

Na kweli kikohozi kilikuja tena, toka upande wa ukuta wa mbao, kilekile cha kuleta kitu. Dada akaendelea.

Katika ghorofa ya pili ilisikika sauti ya kiume, mbali, nyuma ya milango mingi. Maneno hayakushikika. Ilikuwa kama mtu anayemwitikia mwenzake.

"Huyo sasa ndiye mbovu," Kisogo alisema papo hapo, na maiki yao ikarekodi. "Mwigizaji huyu hana moyo. Sikia anavyoitika, kama aliyetumwa dukani jua likiwaka. Nyumba nzima ni ya kweli, yeye peke yake anaigiza. Nampunguzia nusu alama."

"Nusu tu? Mimi ningemfukuza."

Wakacheka. Kisha Mwenyeji akaja mbio.

"Aa! Sijafanya kitu!" dada aliruka. "Nimesimama, sijagusa hata ubao! Wewe umejikuna?"

"Sijatikisika."

"Basi anakuja kwa nini?"

Alishikwa. Akaanza tena. Haukupita muda, Mwenyeji akaja tena mbio, moja kwa moja, kama aliyeitwa. Dada alikaa kimya kabisa safari ile, hata kupumua alipumua kwa pua, na bado alikuja. Mara ya tatu vivyo hivyo.

"Gemu hii ni mbovu," dada alisema, akitupa pedi mapajani. "Anasikia kisichokuwepo. Weka hiyo kwenye hukumu. Unamwadhibu mchezaji kwa kelele ambayo hakupiga! Hiyo ni dhuluma."

"Naiweka," Kisogo alisema. Alikuwa tayari anaitungia maneno. Alipenda kosa zuri ndani ya gemu nzuri. Lilimpa pa kuingiza kisu. "Masikio ya Mwenyeji yana wazimu. Nitasema yangekuwa yangu ningeyarudisha dukani."

Kisha Mwenyeji akaacha kuja bila sababu. Gemu ilikuwa kama imejirekebisha yenyewe. Dada alipata nafasi, akapanda ngazi za mwisho, akaingia katika korido ndefu yenye vyumba pande zote mbili. Kikohozi kilisikika toka ukutani. Kimya. Kikohozi tena.

"Anakohoa vizuri leo," Kisogo alisema.

"Mungu asaidie. Ngoja, nimekwama tena. Huu mlango! Nageuka nyuma, nitafute mwingine."

Aligeuka. Akasukuma kijiti cha pedi, na ndani ya gemu korido nzima ikazunguka.

Mama akakohoa chini ya dirisha.

Kisogo alifumbua macho. Mbele yake palikuwa na kabati na picha ya marehemu baba. Hakusogea. Chini ya dirisha palikuwa na spika, na nje ya dirisha palikuwa na ukuta wa jirani. Hapakuwa na mahali pa mtu kukohoa pale.

"Dada," alisema polepole. "Rudi ulivyokuwa."

"Nini?"

"Geuka. Tazama ulikokuwa unatazama."

Dada aligeuza. Wakangoja. Kikohozi kilikuja, kilekile, chenye mkwaruzo uleule mwishoni. Kilitoka ukutani.

"Geuka tena."

Kikatoka dirishani.

Pedi ilianguka. Hakuna aliyesema, "Zima." Dada aliivuta waya ya runinga toka ukutani kwa mkono wote, na nyumba ikanyamaza. Maji hayakudondoka tena. Ndara hazikuburutwa. Nyuma ya ukuta wa mbao hapakuwa na sauti yoyote, hata ya pumzi.

Kisogo hakukumbuka jinsi alivyofika mlangoni.

Mama alikuwa ameteleza toka kwenye mito, kidevu kimezama kifuani, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Macho yake yalikuwa wazi nusu. Mkono mmoja ulikuwa umenyooka kuelekea meza ya pembeni, na glasi ya maji ilikuwa chini, imevunjika. Ilikuwa imeanguka na kupasuka pale, hatua chache tu toka kiti chake, na masikio ya popo hayakuisikia.

"Mwinue! Mwinue!" dada alikuwa analia. "Shika kwapani!"

Walimkalisha. Kichwa kiliyumba kama cha mtoto mchanga. Kisogo alikunja kiganja kama walivyoonyeshwa, akagonga mgongo, akagonga tena. Ulikuwa mgongo mdogo. Hakujua kama ulikuwa umekwisha kiasi kile. Dada alikuwa na simu sikioni, anamwambia muuguzi, "Hapumui, hapumui, mama hapumui," na sauti ya muuguzi toka ndani ya simu, kavu, bila huruma, ilisema, "Mlaze kifudifudi mapajani kwako, kichwa chini. Gonga. Usimwonee huruma. Gonga!"

Aligonga. Kitu kizito kilitoka kooni mwa mama kikaanguka sakafuni, na hewa ikaingia kwa sauti mbaya kuliko sauti yoyote aliyowahi kuihukumu. Kisha ikatoka. Kisha, baada ya muda, ikaingia tena.

Gari la wagonjwa lilimkuta bado anagonga. Ilibidi wamwondoe mikono.

Hospitalini waliwekwa nje, kwenye benchi la chuma. Daktari alipita akasema mgonjwa yuko chini ya mashine, atapumuliwa mpaka mapafu yapate nguvu, na hawezi kuahidi chochote. Aliuliza swali moja. "Alinyamaza kwa muda gani kabla hamjaingia?" Hilo ndilo hasa ambalo hawakuwa na njia ya kulijua.

Jua lilikuwa linashuka. Dada alitoka nje ya wodi, akampigia kijana wa kampuni.

"Mmeugundua!" kijana alisema kabla dada hajamaliza. "Nilijua ni ninyi mtakaougundua! Wenzenu wote wamecheza mpaka mwisho na hawajaona kitu. Inakusanya sauti za nyumba yako kidogo kidogo, inazirudisha toka kwenye vyumba vya gemu. Ndiyo maana unahisi kama nyumba ni yako. Ni yako! Kisogo amesemaje?"

"Mama yetu yuko kwenye mashine," dada alisema.

"Pole sana, dada. Kweli pole. Alikuwa mgonjwa?"

"Tulimsikia anakohoa. Hakuwa anakohoa."

"Lo." Sauti ilikuwa ya huzuni ya kweli, na hilo ndilo lililomtia dada hofu zaidi. "Lakini maiki mliiruhusu, siyo? Iko kwenye masharti. Nitawaambia wenzangu. Ila kesho inaingia sokoni, haishikiki tena. Mpe mama pole."

Kisogo alitoa hukumu akiwa kwenye lile benchi, kwa simu, bila picha. Hakuweka mistari ya vina. Alisema alama yake ni sifuri, na akasema kwa nini. Kwamba ni gemu yenye sauti bora kuliko zote alizowahi kusikia, na kwamba ubora huo imeuiba. Kwamba kama kuna mtoto mchanga nyumbani kwako, au mgonjwa, au mtu yeyote ambaye kimya chake ni habari, usiiwashe. Kwamba Mwenyeji alipowajia mbio mara tatu, wao wakamwita mbovu, hakuwa mbovu. Mama alikuwa anaita. Mashine ilimsikia, watoto wake wakaandika kuwa ni kosa la gemu.

Sauti yake ilikatika hapo. Dada akaituma hivyo hivyo.

Majibu yalianza kuingia kabla ya isha. Wachache walitoa pole. Mmoja aliandika, "Sasa nimeitamani." Mwingine, "Yaani inarudisha sauti za kwangu? Naichukua ya kwanza kesho." Mwingine akauliza kama kweli kikohozi kinahama upande, na kama wangeweza kuweka kipande hicho wasikilize. Asubuhi yake gemu iliuzwa kuliko zote za mwaka ule. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, watu husema. Hiki hakikutembezwa na mtu. Kilibebwa na kijana aliyekuwa analia kwenye simu, na wengi waliosikiliza waliona kile kilio kuwa ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

"Tuifute," dada alisema.

"Ukiifuta watasema tumelipwa."

"Basi tufanyeje?"

Kila ilipoingia familia mpya wodini, Kisogo alijikuta anatazama mikono ya vijana wao, kama wana simu, kama wanacheza, kama wanacheka.

Mama alitolewa mashine baada ya muda mrefu. Alibaki na mpira wa hewa puani na sauti iliyopungua ikawa kama uzi. Muuguzi aliwaruhusu waingie mmoja mmoja. Dada aliingia kwanza, akatoka akifuta macho kwa kitambaa cha kichwa, akatikisa kichwa kuashiria "nenda."

Kisogo alikaa karibu na kitanda. Alikuwa ametayarisha maneno mengi ya kuomba radhi na yote yalimkimbia.

"Mama."

Mama alimtazama muda mrefu.

"Nilikuita," alisema.

"Najua, mama. Sikusikia. Ile gemu..."

"Hapana." Alipumzika, akatafuta pumzi. "Ulisikia. Nilikuita, ukaitika. Ukasema nakuja."

Kisogo aliinama karibu na mdomo wake.

"Nikangoja. Nikakuita tena. Ukaitika tena, nakuja, mama. Nikajisemea, mtoto ana kazi, asisumbuliwe, yuko njiani. Mara ya tatu sikuwa na pumzi ya kuita. Lakini wewe uliendelea kuitika." Alifumba macho. "Uliitika vizuri tu. Ila hukuja."

Alitaka kumweleza. Kwamba haikuwa yeye, ilikuwa sauti yake ya mapema ikitoka kwenye spika iliyoegemea ukuta. Kwamba hata yeye aliisikia, akaidharau, akaipunguzia nusu alama. Alianza kusema, akaona uso wa mama ukiwa umegeukia dari, akaelewa kwamba hakuna maelezo ambayo yasingetolewa kwa sauti ileile.

Walimrudisha nyumbani. Runinga ilikuwa imeondolewa na maiki pia, na kitanda cha mama kilihamishiwa sebuleni ili asitengwe na mtu kwa ukuta. Alikohoa, na kila alipokohoa watoto wote wawili waliinuka wakaenda kumtazama mdomo unavyosogea.

Mchana mmoja Kisogo alirudi toka dukani na dawa. Alisimama mlangoni, akavua viatu.

"Mama, nimekuja."

Mama alikuwa macho. Alimsikia, nyusi zilisogea. Lakini hakujibu, na hakugeuza kichwa. Alitoa mkono nje ya shuka, akaukunjua kiganja juu, akangoja.

Kisogo alivuka chumba akauweka mkono wake pale. Na hata hapo mama aliupapasa kwanza, kidole baada ya kidole, mpaka kwenye kifundo, kabla hajasema, "Haya. Umekuja."